Bolti Iliyogandana na Bushi

Ukiona tairi la mbele limekuwa kipara upande wa ndani huku upande wa nje ukiwa bado na kashata nene, kosa si la tairi, na mara nyingi si la barabara. Hapa Tanga ninalikuta tatizo hili katika Prado, Surf na Hilux za kila umri, na karibu kila mwenye gari hunieleza habari ile ile: alikwenda kufanya alaimenti, yaani kupima na kurekebisha mkao wa tairi, akalipa, akapewa karatasi iliyochapishwa na mashine, akaambiwa gari liko sawa, na baada ya miezi michache tairi jipya likaanza kuliwa pale pale. Ukiiomba karatasi hiyo na kuisoma kwa utulivu, utakuta tarakimu za kemba, yaani mwegemeo wa tairi, ziko kwenye rangi nyekundu kabla ya kazi, na ziko kwenye rangi hiyo hiyo baada ya kazi. Kilichobadilika ni tou peke yake, yaani namna tairi za mbele zinavyotazamana. Fundi hakuigusa kemba kwa sababu bolti zake hazizunguki, na kwa kuwa foleni ya magari ilikuwa ndefu, hakuona haja ya kumweleza mteja jambo ambalo lingezua maswali.

Makala hii inahusu bolti hizo. Mimi si fundi wa kulipwa. Ni mwenye gari ninayependa kujua kinachofanyika chini yake, na gari langu ni Prado ya toleo la 120, lile lililotengenezwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2009. Fundi ninayefanya naye kazi ni mtu mzima aliyezeekea katika vyuma, na mengi nitakayoyasema hapa nimeyaona mikononi mwake kabla ya kuyaelewa mwenyewe. Jambo ambalo hulisisitiza kuliko yote ni kwamba kabla ya kutafuta nguvu, mtu atafute mahali. Bolti ya saspensheni inaweza kushika katika sehemu mbili tofauti kabisa, kwenye meno ya nati au ndani ya bushi, kile kipande cha chuma na raba ambamo bolti hupita, na dawa ya sehemu moja haisaidii chochote katika sehemu nyingine.

Tuanze na kinachorekebishwa. Kemba ni mwegemeo wa tairi ukilitazama gari kutoka mbele, yaani kama kichwa cha tairi kimeegemea ndani kuelekea injini au nje kuelekea barabarani. Kasta ni mwinamo wa mhimili ambao tairi huuzungukia unapokata usukani, ukilitazama gari kutoka ubavuni; ndiyo inayoufanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Tou ni namna tairi mbili za mbele zinavyotazamana au kupeana kisogo ukizitazama kutoka juu. Tou hurekebishwa kwenye tairodi, fimbo inayougeuza mguu wa tairi unapokata usukani, mahali palipo wazi na panapofikika kirahisi. Kemba na kasta za Prado hurekebishwa kwenye loa amu, mkono wa chini wa saspensheni, pale unapoungana na chasisi kwa bolti mbili kila upande, moja mbele na nyingine nyuma.

Bolti hizi nne ni za aina ya pekee. Upande wa kichwa kuna kisahani ambacho kitovu chake hakiko katikati, na upande wa nati kuna kisahani kingine cha namna hiyo. Visahani vyote viwili vimekaa kati ya kingo ndogo zilizoinuliwa kwenye masikio ya chasisi, yaani vipande vya chuma vinavyoishika loa amu pande mbili, na tundu la sikio si la mviringo bali limerefushwa. Ukizungusha bolti, kisahani kinasukuma ukingo, bolti inahama ndani ya tundu lile refu, na loa amu nzima inasogea ndani au nje kwa milimita chache. Milimita hizo chache ndizo zinazosimamisha tairi au kulilaza. Kisahani kimechorwa mistari midogo ili fundi ajue alikotoka na anakokwenda. Ni ubunifu mzuri sana, wenye udhaifu mmoja mkubwa.

Udhaifu huo uko katika bushi. Bushi ya loa amu ina tabaka tatu: bomba la nje lililobanwa kwenye mkono, raba katikati, na kibomba cha chuma cha ndani ambamo bolti hupita. Raba imeshikamanishwa na vyuma vyote viwili. Nati inapokazwa, masikio ya chasisi hukibana kibomba cha ndani kutoka pande zote mbili mpaka kisiweze kuzunguka. Tangu hapo, loa amu inapopanda na kushuka barabarani, kinachojikunja ni raba. Bolti na kibomba havisuguani kamwe, na havikukusudiwa kusuguana. Maana yake ni kwamba chuma kimekaa ndani ya chuma, kwa nafasi nyembamba isiyofika hata nusu milimita, kwa miaka mingi bila kutikiswa. Maji yakiingia humo kupitia ncha za kibomba hayana pa kutokea. Kutu inapotokea huchukua nafasi zaidi ya maradufu ya chuma kilichoizaa, hivyo hujaza ule uwazi, kisha huanza kubana. Kitu pekee ambacho kingevunja utulivu huo ni mtu wa alaimenti kulegeza nati na kuzungusha bolti mara kwa mara, na huyo, kama tulivyoona, ana foleni.

Chumvi huongeza kasi, na magari yetu huipata mara mbili. Kwanza, mengi hutoka Japani yakiwa yametumika, na yale yaliyoishi kaskazini, katika Hokkaido na Tohoku, yamepita majira mengi ya baridi kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Karatasi ya mnada wa Japani huwa na herufi S mahali palipoonekana kutu na herufi C mahali ambapo chuma kimeanza kuliwa, na tarakimu inayofuata hueleza ukubwa wa tatizo. Wanunuzi wengi huangalia alama ya jumla na kilomita, wakaziruka herufi hizo, ilhali kwa mtu wa pwani zina thamani kuliko hali ya viti. Pili, gari likishafika kwetu linakuta hewa ya bahari. Mabaya zaidi niliyowahi kuyaona ni ya pikapu zinazobeba samaki, ambazo maji ya barafu yenye chumvi hutiririka kutoka kwenye bodi hadi kwenye chasisi safari nzima. Chini ya magari hayo hata kazi ya kutambua ipi ni nati na lipi ni bonge la kutu inahitaji brashi ya waya.

Sasa tuje kwenye kutafuta mahali. Gari likiwa juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake, hatua ya kwanza ni kusugua meno ya bolti yanayochomoza nje ya nati mpaka yang'ae. Watu hulipuuza hili, halafu nati inapotoka inapita juu ya uchafu na kuuponda ndani ya meno yake, na mwisho inakwama katikati. Baada ya kusugua, weka alama ya rangi inayoanzia kwenye kisahani hadi kwenye sikio la chasisi, pande zote mbili za kila bolti. Kisha legeza nati, na ni nati tu inayozungushwa katika hatua hii, huku kichwa cha bolti kikizuiwa kwa spana. Ukikizungusha kichwa kwa nguvu nati ikiwa bado imekaza, kisahani kitasukuma zile kingo za sikio na kuzikunja, na ukingo uliokunjika haupimi tena chochote. Soketi iwe ya pembe sita, kwa sababu ile ya pembe kumi na mbili hula kona za nati yenye kutu.

Nati ikilegea kwa mizunguko miwili mitatu, usiitoe. Shika kichwa cha bolti kwa mpini mrefu na ukizungushe kidogo, macho yako yakiwa kwenye raba ya bushi. Hapa ndipo bolti inapojieleza yenyewe. Ikiwa kisahani kinazunguka na loa amu inasogea huku raba imetulia, bolti iko huru na una bahati. Ikiwa kichwa kinazunguka kidogo, raba inajikunja pamoja nacho, na ukiachia mpini kichwa kinarudi kilipokuwa, basi bolti imegandana na kibomba, na unachokizungusha ni raba. Mara ya kwanza nilipoonyeshwa jambo hili nilikaa nikilirudia kwa muda, kwa sababu kurudi kwa kile kichwa, taratibu na bila haraka, kunaeleza kwa nini mashine ya upepo ya kufungulia nati haifui dafu hapa. Mashine hiyo hufanya kazi kwa mapigo mengi mafupi, na raba inayameza yote kabla hayajafika kwenye kutu.

Ikiwa iliyoshika ni nati, una silaha nyingi. Mafuta ya kupenya ni ya kwanza, na hapa niseme neno kuhusu kopo la bluu na manjano ambalo kila gereji inalo. WD-40 ilitengenezwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, na kampuni iliyoitwa Rocket Chemical Company, na kazi yake ilikuwa kufukuza maji na kuzuia kutu kwenye makombora ya Atlas. Ni nzuri kwa kazi hiyo na hulainisha kidogo, lakini yapo mafuta yaliyotungwa mahususi kwa ajili ya kupenya kwenye kutu ambayo huifanya kazi hii vizuri zaidi. Mafundi wengi hutumia dizeli, mafuta ya taa au hata mafuta ya breki. Wengine huchanganya asetoni na mafuta ya giaboksi otomatiki nusu kwa nusu, mchanganyiko unaopenya vizuri, ila hujitenga ukiachwa na hushika moto upesi, hivyo usikae karibu na tochi ya gesi. Kwa maoni yangu chapa ya mafuta ina umuhimu mdogo kuliko muda. Nyunyiza jioni, gonga ubavu wa nati kwa nyundo ili mtikisiko ufungue njia, nyunyiza tena asubuhi. Kisha usiivute upande mmoja tu kwa hasira. Kaza nukta, legeza nukta, rudi, ongeza mafuta, ukiuacha unga wa kutu utoke badala ya kuukusanya mbele ya meno.

Ikiwa iliyoshika ni bushi, mafuta hayo hayo yatakusaidia kidogo mno. Kibomba ni kirefu, kimezibwa na masikio pande zote mbili, na mafuta yanapaswa kutambaa hadi katikati kupitia njia ambayo kutu tayari imeijaza. Bado inafaa kujaribu, kwa kuwa wakati mwingine ni ncha mbili tu zilizoshika na katikati ni pasafi. Rudisha nati mpaka iwe sawasawa na mwisho wa bolti ili meno yasipondeke, kisha piga mwisho huo kwa nyundo nzito, kwa mapigo machache yaliyonyooka, mtu mwingine akiwa anakizungusha kichwa huku na huku kwa mpini mrefu. Unachotaka kukiona ni kisahani kuachana na sikio upande wa pili, hata kwa unene wa ukucha. Kikiachana na kurudi chenyewe, hiyo ni raba tena. Kikiachana na kubaki, umeshinda, na kazi iliyobaki ni ya subira.

Moto ni suala linalohitaji kufikiriwa kabla ya kuwashwa. Watu husema moto hulegeza chuma, lakini kinacholegeza ni tofauti ya joto kati ya kinachobana na kinachobanwa. Chuma hutanuka kwa takriban sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ukipasha nati yenye tundu la milimita 14 kwa nyuzi 300 zaidi ya bolti iliyomo, tundu litapanuka kwa takriban milimita 0.05, kiasi kinachotosha kuvunja mshiko wa kutu. Ndiyo maana tochi ya gesi ni rafiki mkubwa wa nati, na ndiyo maana fundi wangu hugusisha mshumaa kwenye meno ya bolti ikiwa bado ya moto, nta ikanywewa ndani na kubaki kama kilainishi. Kwenye bushi mambo yamegeuka kinyume. Kinachobana ni kibomba, nacho kimefichwa ndani ya raba. Sehemu unayoweza kuifikia kwa moto ni kichwa na mwisho wa bolti, yaani kile kinachobanwa. Ukikipasha, kinatanuka na kujibana zaidi. Ili joto lifike kwenye kibomba sharti raba iungue, na raba ikishaungua bushi imekwisha.

Kwa hiyo anayewasha tochi kwenye bushi awe amekwisha kuamua kwamba bushi inabadilishwa. Akiwa ameamua hivyo, aondoe kwanza kila kisichopenda moto: mipira ya breki, buti za ekseli (mifuko yake ya raba), waya za ABS (breki zinazozuia tairi kukwama), na mabaki ya oili na grisi. Moshi wa raba ni mbaya kwa mapafu, na bolti zilizopakwa zinki hutoa moshi wake pia. Dawa ya kusafishia breki isitumike mahali patakapopashwa au kuchomelewa, kwa sababu baadhi yake zina klorini, na klorini hiyo kwenye joto kali inaweza kuzaa fosijeni, gesi inayoua. Shokapu isipashwe kabisa. Ndani yake kuna gesi yenye mgandamizo.

Mimi, kwa Prado, sipendekezi moto kwenye bushi. Ikiwa mapigo na subira vimeshindwa, kata. Nafahamu kwamba mwenye gari akisikia neno hilo moyo humwenda mbio, lakini hesabu yake ni nyepesi: bushi ambayo imekunjwa, imepigwa na kuloweshwa mafuta imekwisha kuharibika, na bolti iliyogandana ndani yake haina thamani ya kuokolewa. Kinachostahili kulindwa ni masikio ya chasisi, kwa sababu hayo hayauzwi dukani kama bushi. Kila bolti hukatwa mara mbili, upande huu na upande huu wa bushi, katika ule mwanya mwembamba kati ya bushi na sikio. Msumeno wa umeme unaokwenda mbele na nyuma, wenye bledi ndefu ya kukatia chuma, hufanya kazi safi kuliko grainda, kwa kuwa diski ya grainda hata ikiwa nyembamba ya milimita 1 huona tabu kuingia mwanya huo bila kulamba sikio. Utakuwa unakata raba kidogo, kibomba, kisha bolti yenyewe ambayo ni chuma kigumu. Andaa bledi zaidi ya moja, kata polepole, na umimine oili. Vipande vikishadondoka, loa amu hutoka pamoja na bushi zake, na masikio yanabaki mazima.

Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kusukuma bushi za zamani nje kwa mashine ya kubana na kuingiza mpya katika loa amu hiyo hiyo; ya pili ni kununua loa amu kamili yenye bushi na bolijointi. Katika mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, utazipata zote mbili, mpya na zilizotumika, ila loa amu iliyotumika kutoka gari jingine la pwani inaweza kuja na tatizo lile lile unalolikimbia. Chochote utakachochagua, nunua bolti mpya pamoja na visahani na nati zake. Kuna watu huchonga bolti ya kawaida na kuchomelea kisahani juu yake. Bolti hiyo ndiyo iliyoshikilia tairi la mbele, na si mahali pa kubahatisha. Na kabla ya kuanza kazi nzima, fahamu kwamba katika Prado hii kuna bolti ambayo haitoki wala kuingia kirahisi mpaka raki ya usukani, mtambo unaozisukuma tairodi, ilegezwe na kusogezwa, kwa hiyo usipange kuimaliza kati ya adhuhuri na alasiri.

Kurudisha ndiko kunakoamua kama utakutana na shida hii tena. Sugua matundu ya masikio na nyuso ambazo visahani hukaa mpaka chuma kionekane, zipake rangi ya kuzuia kutu, uiache ikauke. Paka grisi ya shaba au grisi nzito isiyoyeyuka kwa maji kwenye shina la bolti, sehemu itakayolala ndani ya kibomba, na kiasi kidogo kwenye ncha za kibomba. Kwenye meno usipake hovyo. Grisi hupunguza msuguano, na nati iliyokazwa kwa kipimo cha kiwandani huku meno yake yakiwa na grisi itakuwa imeivuta bolti kupita kiasi kilichokusudiwa. Kisha ingiza bolti, rudisha visahani kwenye alama za zamani kadiri unavyoweza, na kaza kiasi cha kushikilia tu. Kukaza kwa mwisho kunafanywa tairi zikiwa zimekanyaga chini na gari limebeba uzito wake. Ukikaza huku loa amu inaning'inia, utakuwa umeifunga raba katika mkao wa kuning'inia, na gari likishushwa raba hiyo itaishi imejikunja hadi ipasuke kabla ya wakati wake. Bushi nyingi mpya zinazolaumiwa kuwa ni bandia zimeuawa hivi.

Tairodi haihitaji maneno mengi, ila mambo mawili hupotea mara kwa mara. Nati ya kufungia tairodi hupenda moto, na unaweza kuupa mradi buti zimesogezwa mbali. Lakini kabla ya kuizungusha fimbo yenyewe, legeza kibanio kidogo cha ncha ya buti ya raki. Buti ikiwa imegandana na fimbo, itajisokota pamoja nayo, itachanika baada ya wiki chache, na raki ya usukani itaanza kula vumbi. La pili linawahusu wenye Land Cruiser zenye ekseli nzima mbele, kama zile za 70 na 80: fimbo zake zina meno ya kawaida upande mmoja na meno ya kinyume upande wa pili. Nimeshuhudia vijana wawili wakining'inia kwenye bomba la futi sita wakikaza kitu walichodhani wanakilegeza.

Hiace ina hadithi yake. Mbele haina springi za mzunguko bali kila upande una nondo ndefu ya chuma inayojisokota, toshen baa, ambayo mwisho wake wa nyuma umeshikwa na mkono mfupi wenye bolti ndefu ya kurekebishia kimo. Wenye daladala huikaza bolti hiyo ili pua ya gari iinuke, hasa wakipangiwa njia mbovu, kisha huisahau hadi meno yake yawe bonge moja la tope na kutu. Tofauti yake na bolti ya Prado ni kwamba hii imebeba uzito. Isifunguliwe kwa mashine ya upepo, na isifunguliwe tairi zikiwa zimekanyaga. Pima kwanza urefu wa meno yanayochomoza na uuandike kwa chaki kwenye chasisi, safisha meno yote kwa brashi, lowesha, kisha inua gari kwa chasisi ili tairi zining'inie na msokoto upungue. Haupungui wote. Zungusha kwa mkono, robo kwa robo, uso wako usiwe kwenye mstari wa bolti wala wa mkono ule mfupi, kwa sababu meno yakichomoka nondo hujifyatua mara moja. Moto hapa ni marufuku: nondo hiyo ni springi, na springi iliyopashwa hupoteza ugumu wake.

Kwa vijana wa Subaru, ambao Nairobi ni wengi kuliko hapa kwetu, tatizo huwa kwenye shokapu zenye ringi za kupandisha na kushusha gari. Ringi ni ya alumini na bomba ni la chuma, na metali mbili za aina tofauti zikikutana na maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa na kuacha unga mweupe uliojaa kwenye meno. Hapo kuna nafuu moja: alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, hivyo birika la maji yanayochemka likimiminwa juu ya ringi hutosha mara nyingi, bila kuhatarisha gesi iliyomo ndani ya shokapu.

Baada ya yote hayo gari lirudi kwenye alaimenti, na safari hii mwenye gari asikae kwenye benchi la wateja. Mwambie fundi waziwazi: "Fundi, bolti za chini zinazunguka. Tuanze na kemba na kasta, tou iwe ya mwisho." Mpangilio huo una sababu, kwani kuisogeza loa amu hubadilisha tou, ilhali kurekebisha tou hakuigusi kemba kwa kiasi cha kuhesabika. Simama mahali unapoona nati nne zikilegezwa na visahani vikizunguka. Omba karatasi ya kabla na ya baada. Tairi jipya likishatembea kwa muda, pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani na kurudi. Tou ikiwa mbaya utahisi laini upande mmoja na meno ya msumeno upande mwingine, kabla macho hayajaona lolote.

Kisha omba kwamba kila alaimenti ijayo, hata kama tarakimu zote ni za kijani, nati hizo nne zilegezwe, bolti zizungushwe kidogo na kurudishwa kwenye alama. Fundi atakuangalia mara mbili, na huenda akadai nyongeza, mlipe. Weka alama mpya ya rangi kutoka kwenye kisahani hadi kwenye sikio siku hiyo hiyo, na baada ya kilomita 500 hivi ingia chini na tochi uitazame. Mstari ukiwa umekatika, kisahani kimeteleza kwa sababu nati haikukazwa kwa kipimo, na kazi ya kuikaza na kupima upya ifanyike kabla tairi jipya halijaanza kuliwa.